Kengele ya Kengeleni na historia ya ng'ambo isiyo na nyumba

Kisiwani Mombasa kuna Ngome ya Yesu. Ng'ambo, kuanzia Kisauni hadi Changamwe na Likoni, historia imekaa kando ya barabara, makanisani, makaburini na katika masanduku ya wazee. Kuitunza ni kazi ya nani?

Makanga anagonga bati mara mbili. "Kengeleni hapo! Shukeni mbio, wazazi!" Matatu haijasimama sawasawa na tayari watu watano tuko chini: mama mwenye kikapu anayeelekea soko la Kongowea, vijana wawili waliovaa jezi, mzee wa kanzu na koti, na mimi.

Jina limeitwa kwa sauti ya kuzibua masikio na kila mtu amelielewa. Hakuna aliyeinua macho kuitazama kengele yenyewe.

Ipo. Imetundikwa pale pale kando ya njia, bodaboda zinaizunguka, moshi wa malori unaipitia. Namwuliza muuza madafu ni ya nini. Anakata dafu, ananipa, anafikiri. Ya kanisa, anasema. Au ya Wazungu wa zamani. Halafu anaongeza kwamba yeye ana miaka hapa na hajawahi kuisikia ikilia.

Hiyo ni kengele ya Frere Town. Katika karne ya 19 ililizwa kuwaonya wakazi pindi majahazi ya wauza watumwa yalipoonekana. Walioonywa walikuwa watu waliokwisha kutekwa mara moja maishani mwao, wakatolewa katika minyororo, na sasa walikuwa wakilinda usiku ili wasitekwe mara ya pili.

Mhariri wangu alikuwa amenipa kazi iliyoonekana nyepesi: vuka kisiwa, tembelea makumbusho madogo ya historia yaliyoko ng'ambo, uandike. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Nilipokaa kuandika orodha nikakuta majengo yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mahali penye historia hapahesabiki.

Kijiji cha walionusurika

Chanzo cha kengele hiyo ni karatasi iliyotiwa saini Zanzibar tarehe 5 Juni 1873. Sultani Barghash, baada ya kushinikizwa na Waingereza kupitia mjumbe wao Sir Bartle Frere, alikubali kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yake. Manowari za Uingereza zikawa zinakamata majahazi. Likabaki swali ambalo mkataba haukulijibu: watu wanaotolewa ndani ya majahazi hayo wapelekwe wapi? Kwao ni Nyasa, kwa Wayao, kwa Wamakua. Wengine walichukuliwa wadogo hata jina la kijiji hawalikumbuki.

Jumuiya ya wamisionari ya CMS ilipata ardhi Kisauni, na mwishoni mwa 1874 William Salter Price akafika kuanzisha makazi. Yakaitwa Frere Town, kwa jina la yule mjumbe.

Lakini Price hakukuta pwani tupu. Walikuwapo tayari Waafrika waliotangulia, wale ambao vitabu vinawaita Waafrika wa Bombay. Walikamatwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini, wakapelekwa Nasik nchini India, wakafundishwa ufundi na kusoma, na kuanzia 1864 baadhi yao wakaletwa Mombasa. George David, Ismael Semler na William Jones ni miongoni mwao.

Jones na Semler walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Mwaka huo huo Jones akafuatana na askofu safari ya kwenda Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba. Jones ndiye aliyerudi na mabaki ya msafara hadi Rabai, mwanzoni mwa 1886, akiwa amebeba habari ambayo hakuna aliyetaka kuisikia.

Yupo mwingine ninayempenda zaidi: Matthew Wellington, Myao, mmoja wa wale walioibeba maiti ya David Livingstone kutoka bara ndani hadi Bagamoyo, ambako ilifika Februari 1874. Alikuja kuishi Frere Town, akafanya kazi ya kibarua serikalini, na akafariki Mombasa mwaka 1935. Maana yake ni kwamba mzee aliyezaliwa Kisauni kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia angeweza kumwamkia njiani mtu aliyembeba Livingstone begani.

Kisa hicho peke yake kingejaza chumba cha makumbusho. Chumba hicho hakipo.

> Walioonywa na kengele hiyo walikuwa watu waliokwisha kutekwa mara moja, na walikuwa wakilinda wasitekwe mara ya pili.

Neno ungwana

Frere Town haikukosa mwandishi wake. Mwaka 1934 James Mbotela, mzaliwa wa jamii hiyo, alichapisha *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kidogo cha Kiswahili kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi. Ni simulizi ya kutekwa, kuvushwa, kuokolewa na kuanza upya.

Wasomi wamekikosoa, na wana hoja. Mle ndani mwovu ni Mwarabu na mwokozi ni Mwingereza, basi. Ushirika wa machifu wa bara, mashamba ya Waswahili wenyewe, na faida waliyoipata Wazungu kabla hawajageuka wakombozi vimepitiwa juu juu. Lakini kukikosoa kitabu si sawa na kuwa na kingine cha kuweka pembeni yake. Kwa wengi wa Kisauni hicho ndicho makumbusho waliyobakiwa nayo, na hata hicho hakipatikani madukani kirahisi.

Mwana wa mwandishi huyo ni Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki Februari 2025. Nani Kenya asiyeijua sauti ile? Ndiye aliyelazimishwa na askari waasi kutangaza redioni asubuhi ya 1 Agosti 1982 kwamba serikali imepinduliwa. Ndiye aliyetangaza kandanda hadi msikilizaji akaona mpira kwa masikio. Na ndiye aliyekaa miongo mingi akiwauliza Wakenya kila wiki: *Je, Huu ni Ungwana?*

Simama kidogo kwenye neno hilo. Siku hizi muungwana ni mtu mwenye adabu. Katika Kiswahili cha babu zetu wa mwambao muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, na adabu ilihesabiwa kuwa mali yake. Mtumwa hakutarajiwa kuwa nayo. Kwa hiyo kwa zaidi ya nusu karne taifa zima lilikuwa likifundishwa ungwana na mtoto wa kijiji cha watumwa walioachwa huru. Sidhani mtu yeyote alipanga iwe hivyo. Ila ningekuwa na chumba, ningeweka redio ya zamani ya mbao katikati, na jina la kipindi hicho ukutani, na nisingeandika maelezo mengine.

Hapo ndipo penye ugumu wa kwanza wa makumbusho ya Kisauni, na wala si pesa. Neno mtumwa bado ni tusi pwani. Ziko familia za Wamisheni, kama walivyozoea kuitwa, ambazo zinataka historia yao iandikwe na watoto waifahamu. Wanasema bila hiyo wao ni watu wasio na kwao, kila mwenye kabila anawauliza mnatoka wapi. Ziko nyingine ambazo wazee wake walikufa wamefunga midomo makusudi. Walioa na kuolewa, wakachukua majina ya jirani, na hawaoni faida ya mjukuu kuonyeshwa pingu ndani ya sanduku la kioo na kuambiwa hizi ni za babu yako.

Na nyuma ya historia ipo ardhi. Ng'ambo yote ya Mombasa ardhi ni donda lisilofunga: kuna wenye hati, wenye makaburi, wenye minazi, na wenye kuishi pale tu. Katika hali hiyo, kibao kinachosema "hapa waliishi fulani tangu mwaka fulani" hakisomwi kama historia. Kinasomwa kama hoja ya mahakamani.

Rabai, mlango ulio wazi

Makumbusho madogo yaliyo karibu zaidi na habari hizi yako nje ya mpaka wa kaunti ya Mombasa. Unapanda matatu kwenye barabara ya Nairobi hadi Mazeras, unakata kulia njia ya Kaloleni, na baada ya mwendo mfupi wa kupanda vilima uko Rabai, kaunti ya Kilifi. Hewa inabadilika. Minazi inabaki ile ile.

Hapa Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann waliweka kituo chao mwaka 1846. Krapf alikuwa amefika Mombasa miaka miwili kabla, Mei 1844, na Julai ya mwaka huo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, ambako mnara wa kumbukumbu upo mpaka leo, karibu na mahoteli ambayo wageni wake wengi hawajui wanakunywa kahawa jirani na kaburi la nani.

Kwa msomaji wa Kiswahili, Krapf ana deni na ana stahiki. Alianza kutafsiri Mwanzo katika lugha hii mwaka huo huo wa msiba, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, na kamusi yake ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Rebmann yeye aliuona Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Aliposema juu kuna theluji, wataalamu wa Ulaya ambao hawajawahi kuukaribia wakamcheka. Alikaa Rabai hadi 1875, akaondoka macho yakiwa karibu kuzima.

Makumbusho ya Rabai yako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, katika eneo la misheni ya Kianglikana, na nyumba za wamisionari hao zipo hapo hapo. Utamu wake ni udogo wake. Ngome ya Yesu huimalizi kwa siku. Unatoka miguu inauma na kichwani mmebaki mizinga tu. Hapa kwa saa moja umeona, umeuliza, umekaa kivulini, umeuliza tena.

Lakini nina neno. Mahali hapa pamejulikana kwa jina la Krapf. Na Rabai ina kisa kikubwa kuliko cha Krapf, nacho ni cha watoro. Katika miaka ya 1880 watumwa waliokimbia mashamba ya pwani walikimbilia kwenye vituo vya misheni kwa mamia, na mabwana wao wakaja na silaha kuwadai. Mwishowe George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Uingereza iliyosimamia pwani wakati huo, akaamua kuwalipa wenye mashamba, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa karatasi za uhuru papo hapo Rabai.

Fikiria asubuhi hiyo. Watu 1,400 na zaidi, foleni, jua la Januari, karatasi mkononi kwa mtu asiyejua kusoma. Kila mmoja alikuwa na jina. Krapf ana mlango, ana mnara, ana kamusi. Wao wana tarehe.

Na kabla ya wote hao ni Warabai wenyewe, wenye kaya. Mudzimuvya, Bomu na Fimboni ziko katika orodha ya misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2008. Kaya haina tiketi wala kioo. Ina wazee, ina miiko, na ukitaka kuingia unaomba. Ni namna ya makumbusho iliyodumu kuliko zote nilizozitembelea kwa makala haya, na hakuna aliyesomea kazi hiyo chuoni.

Nani mwenye ufunguo?

Kila nilipouliza kwa nini Kisauni, Changamwe au Likoni hakuna hata nyumba moja ya vyumba viwili yenye historia ya mahali, niliambiwa nikamwulize mwingine. Kumbe sheria yenyewe imeigawa kazi.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa minara ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Jedwali hilo hilo linazipa kaunti makumbusho, limeyataja kwa jina, pamoja na maktaba, sinema na fukwe. Kisha ipo Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, iliyotungwa kabla ya kaunti kuzaliwa, ambayo inaweka utaalamu, utafiti na ulinzi wa turathi kwenye shirika la kitaifa.

Kwa Ngome hakuna tatizo. Ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ikawa jela ya wakoloni kuanzia 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kama makumbusho mwaka 1960, ikaingia Urithi wa Dunia mwaka 2011. Umuhimu wake wa kitaifa haujadiliwi.

Lakini kengele kando ya barabara je? Kaburi? Stesheni kuukuu? Ni vya kitaifa au vya kaunti? Katika upenyo huo wa sentensi mbili za Katiba ndimo vitu vidogo vinamoangukia.

Walio upande wa kuviweka vitu vyote kwa wataalamu wana hoja ya nguvu, tena ya kipwani. Bahari ni adui. Chumvi inakula chuma, unyevu unaozesha karatasi, mchwa hawajali kama daftari ni la ubatizo wa 1880 au la mboga. Nyumba ndogo isiyo na fundi wa kuhifadhi, isiyo na mlinzi usiku, ni njia ya haraka ya kupoteza kile unachotaka kukiokoa. Heri kikae Ngomeni, wanasema, au Nairobi, kitakuwepo kesho.

Walio upande wa wenyeji wanajibu kwa swali: lini kitu kilichochukuliwa kimerudi?

> Katiba imeyataja makumbusho kwa jina na kuyaweka kwa kaunti. Minara ya kitaifa imebaki Nairobi. Vitu vidogo vimeanguka katikati.

Vigango vilivyosafiri

Jibu la swali hilo ni kwamba vingine vimerudi, kwa jasho. Wagiriama, ambao makazi yao yanaanzia hapo hapo kaskazini ya Kisauni, huwasimamishia wazee wao wa chama cha Gohu vigango, nguzo za mbao zilizochongwa. Kigango si pambo. Kukiondoa ni kumtoa marehemu mahali pake, na ukame au maradhi yakija familia itajua yametoka wapi.

Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango viliibwa kwa wingi, vikauzwa kwa watalii na kwa wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia sebuleni na kwenye makumbusho Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kwenye boma moja vilifuatiliwa na watafiti hadi vikapatikana, kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois na kingine Chuo Kikuu cha Hampton, vikarudishwa mwaka 2007. Makumbusho ya Denver yalikubali kurudisha vigango 30. Vilifika Kenya mwaka 2019.

Kisa hiki kinatumiwa na pande zote mbili, na hapo ndipo nilipoona mjadala wenyewe umekaa vibaya. Mwenye kutetea wataalamu anasema: mmeona? Visipolindwa vinaibwa. Mwenyeji anasema: mmeona? Vilipokuwa makumbusho ya mbali ndipo vilikuwa vimepotea.

Mimi naona kwamba wezi walifanikiwa kwa sababu jamii zilikuwa hazina nguvu ya kusema hapana ikasikika, na vigango vilirudi kwa sababu watu walikumbuka ni vya nani. Kumbukumbu ndiyo iliyofanya kazi ya ulinzi. Picha iliyopigwa kwa wakati, jina lililoandikwa, mtu wa kutoa ushahidi. Hivyo havihitaji jengo la mamilioni. Vinahitaji daftari, kamera ya simu na mtu anayeaminiwa mtaani.

Mifano ya ujirani ipo. Shimoni, kusini mwa pwani, pango la watumwa linasimamiwa na wanakijiji wenyewe, na kiingilio kinasaidia mahitaji ya kijiji. Bagamoyo, misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868 ina makumbusho yake katika eneo la kanisa, na mapadri hawakungoja serikali. Hata hapa Kisauni, Bombolulu, kazi iliyoanza mwaka 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu imeongezewa kijiji cha utamaduni chenye nyumba za jamii mbalimbali za Kenya. Si makumbusho ya historia ya Kisauni, lakini ni ushahidi kwamba mgeni akiwekewa kitu cha kuona, atavuka daraja la Nyali.

Daraja lenyewe lina hadithi. La kwanza, la mwaka 1931, lilikuwa la kuelea. Hili la sasa ni la 1980. Haya, nisitoke njiani.

Changamwe, taifa lililogeuka stesheni

Mwulize kijana wa Mombasa Changamwe ni nini, atakwambia ni viwanda, ni foleni ya malori, ni mzunguko wa kwenda uwanja wa ndege. Mwulize mzee wa Mji wa Kale, atakwambia ni taifa.

Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Thelatha Taifa, mataifa matatu ya Waswahili wa Mombasa. Kundi la pili ni Tisa Taifa, na humo wamo Wajomvu, ambao jina lao limebaki Jomvu Kuu. Jumla ni mataifa kumi na mawili, yaliyokuwa na wazee wao, ugomvi wao, na mikataba yao na kila mtawala aliyekuja na meli. Historia ya Kongowea ni ya zamani zaidi katika simulizi: Mwana Mkisi, malkia anayetajwa kuwa chimbuko la mji, hufungamanishwa na jina hilo ambalo leo tunalitumia kununulia nyanya.

Port Reitz nayo? Ni jina la Luteni John James Reitz, Mwingereza aliyeachwa kusimamia Mombasa mwaka 1824, wakati Kapteni Owen alipoipandisha bendera ya Uingereza kwa ombi la Wamazrui, waliokuwa watawala wa mji. Reitz alikufa kwa homa baada ya miezi michache tu. Himaya hiyo ikavunjwa 1826. Jina limekaa miaka 200 kwa kazi ya miezi.

Halafu ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na mara tu ilipovuka maji ya Makupa ikaingia Changamwe. Mwaka 2017 ikafunguliwa reli mpya ya SGR, stesheni yake ikiwa Miritini. Mtu anaweza kusimama kati ya reli mbili, zilizopishana kwa miaka 121, na kueleza habari za vibarua wa Kihindi, wapagazi, makuli wa bandari, makaazi ya wafanyakazi Chaani na Mikindani, mtambo wa kusafisha mafuta uliofungwa 2013 na familia zilizokula kwa mtambo huo nusu karne. Hayo yote yamo vichwani mwa wastaafu wanaocheza bao vibarazani jioni. Mmoja akifariki, hakuna tangazo kwamba maktaba imefungwa.

Kama ningeulizwa pa kuanzia na kiasi kidogo cha fedha, ningesema hapa, wala si Kisauni. Frere Town angalau ina vitabu. Wastaafu wa Changamwe hawana.

Likoni, penye kushukia

Nilifika Likoni alasiri, kwa feri, nikisukumwa na mikokoteni kama ilivyo ada. Jina limetoka kwenye liko, mahali pa vyombo kutia nanga na watu kushuka. Watu wanaoshuka hapo kila siku ni maelfu kwa maelfu, na kila mmoja, kwa kutaja anakokwenda, anasema historia bila kujua.

Mtongwe, mwendo mfupi kutoka hapo, ina historia ndefu kupita zote nilizoandika juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Gen'ichi Omi walichimba huko na kupata zana za Enzi ya Mawe. Watu walikaa Mtongwe wakichonga mawe kabla hakujawa na Mswahili, Mreno wala feri. Jirani ya hapo leo ni kambi ya Jeshi la Wanamaji, lililoundwa Desemba 1964.

Lakini ukimtajia mtu wa Likoni neno Mtongwe, hafikirii mawe. Anafikiria asubuhi ya 29 Aprili 1994, feri ya MV Mtongwe ilipopinduka karibu kabisa na nchi kavu na watu 272 wakafa maji. Wengi walikuwa wanakwenda kazini. Watu wanataja walikokuwa siku hiyo kama wanavyotaja siku ya kuzaliwa mtoto.

Anafikiria pia usiku wa 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa na ghasia zikaanza za kuwafukuza watu waliohesabiwa kuwa wa kuja. Tume ya Jaji Akiwumi ilisikiliza ushahidi wa mambo hayo. Mtaani hayasemwi kwa sauti. Waliokimbizwa, baadhi yao walirudi. Wanaishi ukuta mmoja na watu wanaokumbuka usiku huo kwa namna nyingine.

Je, makumbusho ya Likoni yangeyaweka hayo? Nilipoanza kazi hii nilikuwa na makumbusho ya majahazi na vyungu kichwani, kitu cha kupendeza cha kupelekea watoto wikendi. Kwenye kivuko nilielewa kwa nini wengine wanaona heri pasiwe na kitu. Jumba linalotaja feri na kunyamaza kuhusu 1997 litakuwa limechagua upande. Linalotaja yote litahitaji mkurugenzi mwenye moyo wa chuma na majirani wenye subira.

Bado ningetaka liwepo, na liwe dogo. Katika kitu kidogo watu wanaweza kubishana na aliyeandika kibao, wakamrudisha afute, aandike upya. Ngomeni nani atabishana na ukuta wa Wareno?

Jua lilikuwa linashuka. Nilimsimamisha dereva wa tuktuk, kijana mchangamfu, nikamwambia anipeleke kwenye makumbusho.

"Makumbusho? Ingia, kaka."

Nikaingia. Akageuza tuktuk palepale, akanirudisha hatua mia mbili hadi langoni pa feri, akaninyooshea kidole kisiwani, na kunidai shilingi hamsini.